Nyumba Yenye Maji

Jumatano, 7 Februari

Nimeamka. Nimeswali. Zaina kaleta dumu la maji, kalitua mlangoni kama kila siku, kasema shikamoo baba, kaondoka. Zaina ni binti yangu, kaolewa hapa hapa Sindeni, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Bada ya jana, ugali wa muhogo, nimeila ya baridi.

Leo siku ya thelathini na nane tangu tumzike mama yake. Hainiumi. Nimekaa nangoja iume, haiumi. Kama mguu uliokufa ganzi.

Mambo ya mchana nilikuwa namsimulia yeye jioni. Sasa naandika. Mwandiko wangu mzuri. Kisomo cha watu wazima tulikuwa arobaini darasani, mimi wa kwanza. Wengine waliishia kwenye majina yao.

Alhamisi, 8 Februari

Dalali wa Korogwe kaja. Anaitwa Kibwana, mtu wa viatu vinavyong'aa. Anauza nyumba ya kupangisha, kule bondeni, si mbali na mto. Vyumba sita, vitano vina wapangaji. Bomba lipo uani. Kisima kipo nyuma.

Nimemuuliza mara mbili hilo la bomba. Kasema lipo, mzee, tena halikatiki.

Anataka milioni kumi na nane. Shamba langu la ekari kumi na mbili, jirani yangu Hoza, yule mwenye ng'ombe, alishasema atalichukua kwa bei hiyo hiyo. Kibwana alipoondoka nimehesabu kodi kwa punje za mahindi mkekani. Pesa yangu inarudi baada ya miaka minane na kitu. Nitakuwa na themanini na mbili. Baba yangu alipita tisini. Inafaa.

Ijumaa, 9 Februari

Arobaini. Khitma imesomwa, pilau limeliwa. Watu wengi, hata wa Misima wamekuja. Nilipewa nafasi niseme neno la shukrani, nikashukuru, halafu nikawaambia nanunua nyumba Korogwe. Wakatazamana. Kisha wakasema hongera. Nikawakumbusha mimi ndiye wa kwanza kuezeka bati upande huu. Wakati wenzangu wanaezeka nyasi, mimi bati.

Zaina alikuwa anaosha sufuria. Hakuniangalia. Jioni kaja kasema, "Na mama?"

Nikamwambia Hoza ameahidi, kaburi litabaki pale shambani, atalizunguka na trekta.

Kasema, "Na ng'ombe wake nani atawaambia wazunguke?"

Mtoto hapaswi kumuuliza baba yake hivyo.

Jumatatu, 12 Februari

Niko Korogwe. Nimemwambia Kibwana sinunui kitu sijalala nacho. Ng'ombe wangu wote niliwanunua hivyo. Nalala kwa mwenye zizi siku mbili tatu, naona anavyokula, anavyokunya, anavyoamka. Hakuna aliyewahi kuniuzia ng'ombe mbovu. Kibwana kacheka, kanipa funguo za chumba cha sita kilicho wazi. Wiki moja. Kaniletea na kitanda cha kuazima.

Nyumba nzuri. Imepakwa rangi mpya mpaka chini. Bati halijaoza. Nimegonga kuta kwa fimbo, zinaitika.

Nimefungua bomba. Maji yametoka. Nimefunga. Nimefungua tena.

Jumanne, 13 Februari

Nimekagua. Nyuma ya nyumba nimechimba shimo, mkono mmoja tu, udongo ukatoa maji. Kwetu ukichimba mkono mmoja unapata vumbi, ukichimba mikono ishirini unapata vumbi lililochoka. Hapa migomba imesimama kama wanajeshi na hakuna anayeimwagilia. Kisimani maji unayaona, unaweza kuyachota ukiwa umechuchumaa.

Februari hii! Kule kwetu lambo tunalochota limebaki tope la ng'ombe.

Sijaona kasoro. Choo kimoja kwa watu wote, basi.

Kitu kimoja kimenichekesha. Wapangaji wote wameinua vitanda juu ya matofali, manne manne kila mguu. Mitindo ya mjini. Wanaweka mizigo chini, nadhani.

Alhamisi, 15 Februari

Jirani yangu wa chumba cha tano anaitwa Mama Neema. Anakaanga maandazi barazani. Babu yake aliletwa kukata mkonge, toka huko bara, hakurudi. Mama huyu ana mdomo. Wapangaji wote sasa wananiita Babu wa Handeni kwa sababu yake.

Leo kanikuta nimekaa karibu na bomba. Kasema, "Shikamoo babu. Unalichunga lisikimbie?"

Nikamwambia huko nitokako maji ni mali.

Kasema, "Hapa nayo ni mali. Ila yanakuja bila kuitwa." Halafu kanipa matofali ninyanyue kitanda changu. Nikamwambia mimi si kuku, silali juu. Akacheka mpaka maandazi yakaungua.

Sikumwambia kama mimi ndiye mnunuzi. Niliambiwa na Kibwana ninyamaze, wapangaji wakijua wanaanza kudai vitasa. Lakini nadhani anajua. Nilimwambia habari ya bati langu mara mbili.

Ijumaa, 16 Februari

Nimeswali msikiti wa hapa. Nimekula wali maharage hotelini. Nimerudi nimelala mchana. Hakuna kilichonisumbua. Hakuna kilichonifurahisha.

Mwanahawa, marehemu mke wangu, alikuwa anaumwa kiuno. Miaka yote alikuwa anasema neno moja. Kwamba siku moja afungue bomba akiwa amekaa. Hakutaka kingine. Mimi nilikuwa nasema subiri mavuno.

Jumapili, 18 Februari

Alfajiri nimeshusha miguu niende kutawadha. Miguu imeingia majini.

Nasema ukweli maana hakuna anayesoma hapa. Nilifurahi. Niliona maji chumbani mwangu nikafurahi. Nilikaa kitandani, miguu imezama, nikasema haya.

Kisha nikaona kiatu kimoja kinatoka mlangoni chenyewe.

Hapa Korogwe haikunyesha hata tone. Ilinyesha juu milimani. Maji hayakuingia kwa mlango, yamechomoza kwenye sakafu, pale penye nyufa, polepole, kama jasho. Choo kimepanda nacho. Harufu sitaiandika.

Wapangaji hawakupiga kelele. Hicho ndicho kilichonishtua kama kuna kilichonishtua. Kila mtu kavua viatu, kaweka jiko juu ya meza, watoto wamekaa juu ya vitanda vyao vya matofali wanakunywa chai. Kumbe vitanda. Mama Neema kapita na ndoo kasema, "Hii mvua ndogo tu babu. Masika bado."

Nikamuuliza masika inakuwaje.

Kachukua kijiko chake cha kugeuzia maandazi kakwangua rangi mpya ukutani kwangu. Chini ya rangi kuna mstari wa tope. Umenifikia kitovuni. Mimi si mfupi.

Kasema masika wanahama wote. Miezi mitatu, wakati mwingine minne. Wanarudi kwa sababu kodi ni ndogo. Na aliyekuwa chumba cha sita, ambaye Kibwana aliniambia amehamishwa kikazi, hakuhamishwa na kazi. Alichoka kuanika godoro.

Mchana maji yamekauka. Nimeanika langu.

Jumatatu, 19 Februari

Kibwana kaja. Nimemwonyesha mstari. Wala hakuona haya.

"Mzee Mhando," kasema, "si wewe mwenyewe ulitaka nyumba yenye maji? Uliniuliza mara mbili!"

Wapangaji walikuwa wanasikiliza. Mama Neema pia, na hakucheka. Afadhali angecheka.

Nikatazama viatu vyake vinavyong'aa. Miaka sabini na nne, sijawahi kukosa jibu.

Kila alama ya ubovu niliiona mwenyewe kwa macho yangu nikaiandika hapa kama sifa. Shimo. Migomba. Kisima. Mtu wa Lushoto, aliyezoea mvua ya milimani, angeona udongo ule akaondoka kabla hajapewa kiti. Mtu wa Kwedizinga, wa Misima, wa Sindeni, sote tungechuchumaa tufurahi.

Kibwana kapunguza milioni mbili. Kasema Jumatatu ijayo anampa mtu mwingine.

Jumanne, 20 Februari

Nimerudi Sindeni. Nilimpa Mama Neema mkono, akanifungia maandazi kwenye gazeti. "Usinunue babu," kasema, "na usiwaambie nimekwambia." Basi alikuwa anajua.

Nimehesabu upya. Nimetoa punje za masika. Pesa inarudi nikiwa na themanini na tano. Na hapo sijatengeneza sakafu wala choo.

Lakini nimeshatangaza. Siku ya arobaini, mbele ya watu wote, hata wa Misima. Msikitini jioni wameniita mwenye nyumba. Wamenipa nafasi safu ya mbele. Nikakaa safu ya mbele.

Nitanunua. Nitainua sakafu.

Alhamisi, 22 Februari

Zaina kaleta maji. Kakaa. Kwa kawaida hakai.

Nikamweleza yote. Mstari, vitanda, choo. Nikamwambia hata hivyo bomba lipo, halikatiki. Mama yake alitaka bomba.

Kasema, "Baba, bomba hilo unamfungulia nani?"

Nikasema nenda nyumbani kwako.

Kaenda.

Jumamosi, 24 Februari

Ofisi ya kijiji. Hoza alikuja na wanawe wawili na pesa kwenye mfuko wa sukari. Mashahidi wanne. Mtendaji akauliza kama nitaweka dole gumba. Nikamwonyesha kalamu yangu. Mimi sichafui kidole.

Akasoma mipaka. Mashariki shamba la Hoza. Magharibi korongo. Kusini barabara. Kaskazini njia ya kwenda lamboni.

Nikasema njia ile haimo.

Mtendaji akasema, "Mzee, njia ni ya kijiji. Imetajwa kama mpaka tu."

Nikasema haimo.

Hoza akasema basi mpaka uandikwe mkwaju ule mkubwa. Nikasema mkwaju nao haumo. Nikasema toka mkwajuni mpaka kaburini hakumo, na toka kaburini mpaka mlangoni kwangu hakumo. Hoza akatazama wanawe. "Mzee Mhando, unaniuzia shamba au unaniuzia hewa?"

Watu wakacheka. Na mimi nilikuwa nimeshika kalamu, imegusa karatasi, herufi ya kwanza ya jina langu imeshaandikwa. Ipo. Wataiona.

Nikafunga kalamu nikaitia mfukoni. Nikasema siuzi. Wakauliza kwa nini. Nikasema siuzi.

Sasa ni jioni na bado sijui nilisema kwa nini. Sikukasirika. Sikulia. Kesho msikitini nitakaa nyuma.

Jumatatu, 26 Februari

Jana nilimwambia Zaina asilete maji.

Leo baada ya alfajiri nimechukua dumu la lita ishirini, nikashika njia ya lamboni. Katika miaka yote ya ndoa yangu sijawahi kwenda kule na dumu. Nilikwenda na ng'ombe tu. Wanawake walikuwepo sita au saba. Shikamoo babu, shikamoo mzee. Wakanipisha. Mmoja akanichotea mahali pasipo na tope.

Nimejaribu kulinyanyua. Halikunyanyuka. Yule aliyenichotea akataka kunitwisha nikakataa. Nikamwaga nusu. Waliona.

Kurudi nimepumzika mara tatu. Mara ya pili ni kwenye jiwe, kando ya njia, karibu na mkwaju. Nimelipita jiwe lile maisha yangu yote. Leo nimelikalia. Juu limekuwa laini, lina shimo dogo la makalio ya mtu, na ukiwa umekaa hapo dumu linakaa lenyewe kando, kuna mahali pake.

Kutoka pale kaburi linaonekana.

Kiuno kimeanza kuuma nilipofika mlangoni. Kinauma sasa hivi ninavyoandika. Nimemimina maji mtungini. Yamefika robo.

Mwanahawa alikuwa anakwenda mara nne kwa siku.