Mwalimu wa Historia na Hesabu za Kidato cha Tatu

Jumanne, 1 Septemba 1970
Mkuu wa shule kaniita asubuhi. Yule mwalimu mgeni wa hesabu mkataba wake umekwisha, kaondoka. Laurian, hesabu za Kidato cha Tatu ni zako kuanzia kesho. Nikamwambia mimi ni mwalimu wa historia. Akasema historia ina tarehe, na tarehe ni namba. Nikajibu ndiyo, Mkuu. Sijui kwa nini.

Jumatano, 2 Septemba
Kwadratiki. x² − 5x + 6 = 0. Tafuta namba mbili: ukizizidisha upate sita, ukizijumlisha upate tano. Mbili na tatu! Nilikariri jana. Wamenakili wote. Nimerudi nyumbani natembea kama mtu mwenye digrii.

Ijumaa, 4 Septemba
Nimeandika swali la kitabuni bila kulijaribu kwanza. x² + 6x − 11 = 0. Dakika kumi na tano nimesimama ubaoni, wanafunzi thelathini na nane nyuma yangu. Namba hizo hazipo. Nikasema wachapaji wamekosea, futeni. Wakafuta. Isipokuwa Felista, binti kutoka kijiji cha Kinyangiri, anayekaa dirishani na haongei. Baada ya kengele kaniletea daftari, swali kalikokotoa hadi jibu. Mwalimu, labda nimekosea, akasema.
Hakukosea.

Jumatatu, 7 Septemba
Nimemwomba anieleze. Kufungua mdomo tu kumenichukua kutwa nzima.
Saa kumi, darasani, mlango wazi. Antipasi, kiranja wao, amekaa nasi. Felista kachora shamba la mraba, kila upande x. Kando yake kipande kirefu, upana hatua sita. Akakigawa viwili, tatu na tatu, akavibandika pande mbili za shamba. Kona moja ikabaki tupu. Mwalimu, kona hiyo ina ukubwa gani? Tatu mara tatu — tisa! Ongeza tisa huku na huku, mraba umekamilika.
Nimeelewa. Nina miaka thelathini na mmoja.
Akaniomba nisiwaambie wenzake, watasema anajidai. Nami nikamwomba asimwambie mtu yeyote. Antipasi naye kaahidi. Tumekubaliana haraka sana.

Jumanne, 8 Septemba
Nimefundisha shamba na kona kana kwamba nimevibuni mwenyewe. Darasa limepiga makofi. Felista naye kapiga.

Ijumaa, 11 Septemba
Kila siku saa kumi ananifundisha, kesho yake nafundisha. Sasa tuko kwenye grafu, mistari inayopinda kama bakuli. Antipasi haji tena, kachaguliwa timu ya mpira. Tumebaki wawili. Mlango wazi bado.

Jumatano, 16 Septemba
Matron Dorika wa bweni la wasichana kasimama mlangoni. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye dawati, Felista anaandika ubaoni. Akafuta haraka. Nikamsalimia matron: shikamoo mama. Marahaba. Akatutazama kwa zamu, akaondoka bila neno lingine. Angeuliza tu!

Ijumaa, 18 Septemba
Gasto, mwalimu wa kilimo, kanivuta pembeni bustanini. Unajua wanasema nini juu yako na yule binti? Nimejua sasa.
Mkuu kamwita Felista. Unafanya nini na Mwalimu Laurian kila siku? Kasema: ananifundisha. Mbona wewe peke yako, na wewe ndiye wa kwanza darasani? Kanyamaza. Kaambiwa afunge sanduku lake, baba yake ameitwa.
Mimi sijaitwa. Ningeweza kwenda mwenyewe. Nilifika hadi kwenye ngazi za ofisi. Nikasahihisha madaftari ya historia.

Jumatatu, 21 Septemba
Mzee Mughwai, baba yake, kafika na baiskeli, vumbi hadi kwenye nyusi. Kakaa kwenye benchi nje ya ofisi. Nikamwamkia. Kaitikia vizuri, hanijui. Kisha akauliza: mwalimu, huyu binti yangu ni mjinga kiasi gani, hata afundishwe peke yake?
Nikaingia ofisini bila kubisha hodi.
Nikasema yote. Mzee kaingia nyuma yangu, Felista alikuwa amesimama karibu na kabati. Mkuu kacheka. Laurian, hata uongo uwe na kiasi. Mwanafunzi amfundishe mwalimu? Nikasema tupe swali, kila mtu na chumba chake. Mkuu kafungua kitabu, kakitazama kwa muda mrefu. Na nani atasahihisha? akauliza. Mimi sijui. Gasto hajui.
Mzee akasema: kama hakuna mwingine anayejua, mpeni chaki tuone.
Kipindi cha tatu. Niko dawati la nyuma, magoti hayaingii chini yake. Mkuu kasimama mlangoni, mikono nyuma. Mzee Mughwai yuko kando yangu, kofia mapajani. Hakuna anayecheka. Felista kaandika tarehe. Chaki imekatika, kaokota kipande. Sasa anaandika swali, halitoki kitabuni, sijawahi kuliona. Kaanza kueleza, sauti ndogo. Wa mbele wameinama, wananakili.
Mzee kaniinamia sikioni: anapatia?
Nimemwambia ngoja, mzee, nami namsikiliza.