Kete Zilizotoka Ulaya

Mkunazini, Unguja
14 Februari 1999

Kaka yangu mpenzi Khalil,

Assalaam alaykum. Sisi miili yetu mizima, na wewe tunakuombea afya huko kwenye baridi. Mama anauliza kama lile koti ulilonunua unalivaa au unalitazama tu. Presha ya Baba hupanda na kushuka, na wiki hii ilipanda. Sababu ni wewe, usijitetee.

Kifurushi chako cha mchezo kilifika salama. Mdogo wetu Jamil alikipakata kama mtoto mchanga. Kila alasiri huwapanga mezani wale askari wa bati, majini ya chuma, merikebu ya nyota na Wachunga Jua wenye panga za moto, akaweka na dado za kurusha na zile kanuni ulizotutilia Kiswahili. Hucheza jeshi lake, na lako hulisogeza kwa hatua unazomwandikia. Akimaliza, vyote huvitia sandukuni na kufuli juu. Mimi nimeshachoka na habari za nyota zinazozimika na koo zinazogombania jua la mwisho, lakini kanuni yako moja naipenda: kete iliyozingirwa haitolewi mpaka mwenyewe apewe zamu moja ya kuja kuiokoa.

Sasa hilo neno kete ndilo lililotuponza. Ulipoondoka, kete zilikuwa za bao na dhumna. Siku hizi hapa mjini kete ni unga, huo huo unaowamaliza vijana. Wewe hukujua, na sisi tumezoea lugha ya mchezo wako hata hatukufikiri. Basi Alhamisi Haroub, rafiki yake Jamil wa mtaa wa Ng'ambo, aliyekuwa hajaja kwetu tangu kifurushi kifike, alisimama chini ya dirisha akauliza kwa ukelele kama kete za Ulaya zimefika. Jamil naye akajibu kama anayenadi samaki, "Zishafika, panda tugawane!" Jirani yetu Bi Mwatum alikuwa mlangoni kwake. Haroub hajamaliza ngazi, Baba ameshaambiwa.

Kaka, sijapata kumwona Baba vile. Alitia komeo mlango wa nje, akapanda na bakora. Alisema mwanawe akiwa na unga atampeleka polisi mwenyewe, na wala hata akifa hatamzika. Mama alikaa kwenye ngazi akilia. Jamil alisimama mbele ya sanduku, jasho linamtoka, hataki kulifungua, na mimi namsihi afungue tumalize balaa. Mwisho Baba alimpokonya ufunguo.

Akatoa askari mmoja mmoja, akauliza kete ziko wapi. Haroub akamwambia ndizo hizo. Baba alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Akamshika jini mwenye meno makubwa, akasema huyu ni Bi Mwatum. Tulicheka sote, hata Mama. Jamil peke yake hakucheka.

Hapa nataka ukae chini. Walipoteremka nilibaki kukusanya vitu. Nilipoinyanyua ile merikebu ya nyota, yenye tumbo tupu, kitu kilicheza ndani. Nilitoa karatasi ndogo iliyokunjwa, na ndani yake unga. Kete ya kweli, Khalil. Nilipogeuka, Jamil alikuwa mlangoni ananitazama. Niliumwaga chooni mbele yake. Alivyoutazama ukizama nikajua hauzi, anavuta. Usiku huo, huku akitapika, aliniambia Haroub hajui lolote, na kwamba anataka kuacha ila hawezi.

Baba sijamwambia. Nikisema, atatimiza aliloapa. Nisiposema, tutamzika Jamil. Naogopa, Kaka, na sina wa kumwambia ila wewe, na Jamil hamsikilizi mtu ila wewe.

Jeshi amelipanga tena mezani kama lilivyokuwa, na safari hii halitii sandukuni. Mchunga Jua wako mkuu amezingirwa pande zote, na Jamil hataki mtu amguse.

Baba na Mama wanakusalimu sana, na Bi Mwatum pia, asiyejua kwa nini tukimwona tunacheka. Jamil hakutuma salamu. Anasema anangoja hatua yako.

Zamu ni yako. Usiiandike. Njoo.

Ndugu yako,
Muzna