Tone Linalobaki Nchani

Cheyo, Tabora
Jumamosi, 18 Oktoba

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na Baba pia, na kwamba mguu alioutegua akishusha mizinga ya nyuki unaendelea vizuri. Mimi sijambo. Shangazi Mektilda naye hajambo, anakusalimu, na bado analalamika kwamba sili, ingawa sufuria zake kila siku anazikuta tupu. Barua naituma kwa mkono wa Adriano, anayekuja huko Ipole kununua nta. Ningepiga simu, lakini Baba huweka spika, na haya nataka uyajue wewe kwanza.

Uliniuliza tunasoma nini maabara. Usicheke, mama: tunasoma kupima maji. Nilidhani nimekuja chuoni kupima damu na malaria, kumbe wiki tatu nzima ni maji matupu. Tunatumia bomba jembamba la kioo linaloitwa pipeti, lina tumbo katikati na mstari mmoja shingoni. Unayavuta maji kwa mpira wa kubinya unaovikwa juu yake mpaka yafike mstarini, kisha unainama jicho liwe sawasawa na mstari, kwa sababu maji ndani ya kioo hayalali sawa. Hubonyea katikati, na kinachosomwa ni pale chini kabisa yalipobonyea. Ukitazama kwa juu unajidanganya, na kwa chini vilevile. Nimeipenda kazi hii kupita nilivyotarajia. Hata nyumbani nilianza kuinamia kila glasi, mpaka Shangazi akauliza kama nimeona mdudu.

Wiki iliyopita kila mwanafunzi alitakiwa atoe mililita kumi za maji, mara kumi, na kila mara azipime uzito. Mimi nilipata gramu kumi mara zote. Nilifurahi sana, maana sekondari tulifundishwa kwamba mililita moja ya maji ni gramu moja. Mwalimu Masanja alipoisoma ripoti yangu alikunja uso. Alinieleza kwamba maji yakipata joto huwa mepesi, na kwa joto hili la Oktoba mililita kumi hazifiki gramu kumi. Darasa zima limepata tisa nukta tisa tano hivi. Kwa hiyo, akasema, namba zangu sikuzipima, nimezitunga. Anayetunga namba za maji leo atatunga za damu ya mgonjwa kesho, na mtu wa namna hiyo chuo humfukuza. Akanipa mpaka Alhamisi nirudie mbele yake.

Nililia, mama. Nilipomaliza kulia nikaanza kujiuliza hayo maji ya ziada yanatoka wapi, maana nilijua nimepima kweli. Niliosha pipeti upya, ikawa vilevile. Nikaazima ya rafiki yangu Jenifa: kwake ikatoa pungufu kama ya wenzake, kwangu ikatoa kumi. Kioo kilekile, maji yaleyale! Basi jambo lilikuwa mikononi mwangu, lakini niliitazama mikono yangu nisione kitu.

Alhamisi Mwalimu alisimama karibu nami, akiitazama mikono yangu. Nilipofika mara ya nne akaniambia nisimame, akauliza kwa nini nabinya mpira mwishoni. Sikujua kama nabinya. Kumbe maji yakisha kushuka, tone moja hubaki kwenye ncha, na aliyetengeneza pipeti alishalihesabu nje ya zile mililita kumi: linatakiwa libaki. Mimi nilikuwa nalitoa kila mara. Nilipofungua daftari nikakuta nimeyaandika hayo mwenyewe, tangu somo la kwanza. Mwalimu alicheka, na suala la kufukuzwa likaishia hapo. Akatoa kabatini pipeti nyingine yenye pete mbili kwa juu, akasema hiyo ndiyo ya kutoa mpaka tone la mwisho. Ziko za namna zote mbili, na asiyesoma alama atakosea kotekote.

Kisha akataka kujua nani alinifundisha kutoacha tone, maana mkono haujifundishi.

Mama, hapa ndipo ninapoungama. Palepale nilikuona wewe ukimpimia Mama Zabibu asali. Umeinamisha kopo, unaligonga kitako kwa kiganja mara tatu, unasubiri, na unaniambia kwamba iliyobaki koponi ni ya mwenzako, haijamfikia tu. Lakini darasa zima lilikuwa linatusikiliza, wengi watoto wa mjini, nikaogopa watanicheka kwa kopo la asali. Nikajibu hakuna aliyenifundisha. Nilikukana, mama, na tangu juzi nimekosa raha kabisa.

Ripoti nairudisha Jumatatu. Mwisho wake pana mstari wa kuandika chanzo cha kosa, na Mwalimu huisoma mistari hiyo kwa sauti mbele ya wote. Wangu nimeshaujaza. Nimeandika hivi: kosa ni langu, sikufuata alama ya chombo, kutoa tone la mwisho nilifundishwa na mama yangu, Theodora Festo wa Ipole, na kwa chombo chenye pete mbili yuko sahihi.

Nisamehe. Msalimie sana Baba, umwambie asipande mtini kabla mguu haujapona, na uwasalimie majirani wote, Mama Zabibu wa kwanza. Mungu awalinde.

Ni mimi, binti wa Theodora,
Katarina