Buni Nilizozivua Maganda

Garsen, Alhamisi, 1956. Joto la kunyonga, mto umejaa, na mdomo wangu umevimba hata uji unapita kwa shida.

Leo nimepigwa. Na mimi nimepiga.

Nianze na ujinga wangu. Tajiri mmoja wa Lamu huleta buni, kahawa mbichi yenye maganda yake, kutoka Yemen. Alinipa magunia manne niyauze hapa kivukoni, nami nimpelekee samli na ngozi za ng'ombe kutoka kwa Waorma, wafugaji wa huku. Nisipopata wateja kabla ya mwezi kuandama, kibanda chake hiki anampa mwingine, mimi nirudi Kipini kuwa hamali.

Nikajifanya hodari. Mimi na mke wangu Mwanaisha tulitwanga magunia matatu, tukazivua buni maganda, tukapepeta mpaka zikang'aa. Maganda tukayamwaga mtoni.

Mteja wa kwanza alikuwa mama mmoja wa Kiorma. Alizitazama kwa shaka. Nikamwapia kwamba hizi ndizo safi, akachukua vibaba vitatu kwa sherehe ya siku arubaini za kuzaliwa mjukuu wake.

Kwetu Kipini kahawa hunywewa. Sikujua kwamba wao huikaanga buni na ganda lake ndani ya samli, na inapopasuka ndipo wazee humwombea mtoto dua. Zangu hazikupasuka. Ziliungua tu. Wazee wakainuka wakaenda zao, mtoto hajaombewa.

Leo asubuhi akaja baba wa mtoto, Barisa, na fimbo. Hakusalimu. Pigo la kwanza lilining'oa jino, la pili likavunja mizani. Nikamrukia, nikamkaba koo, nikambamiza kichwa kwenye nguzo mara mbili. Nakiri hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma: nilitaka afe. Panga langu la kibandani nilikuwa nimeshalishika mkononi, na Mwanaisha akaning'inia kwenye mkono huo mpaka likaanguka.

Ile raha ya kumbamiza bado ninayo. Naionea haya, lakini ninayo.

Barisa alikaa chini akihema, damu inamtoka sikioni. Panga hakulitazama.

"Ile ganda wewe natupa wapi?"

"Mtoni," nikamjibu.

Mwanaisha akaingia kibandani. Akaburura gunia la nne, ambalo hatukuwahi kulitwanga, akalifungua mbele yake. Barisa akachagua buni moja, akanipa.

"Tafuna."

Nikaitafuna kwa ufizi unaovuja damu. Ganda likapasuka, naye akainamisha kichwa kusikiliza, kwa lile sikio zima. Kisha akajipimia vibaba vitatu, akafunga kwenye shuka.

"Kama hii, watu yangu yote nanunua. Kesho wazee narudi, naombea mtoto. Wewe kuja nyumbani. Kaa karibu na chungu."

Sijui kama nimealikwa au naitwa nikamaliziwe huko. Buni zisipopasuka, nitakuwa nimekaa katikati ya watu wenye fimbo.

Nitakwenda. Panga nimempa Mwanaisha alifiche, na nimemwomba asiniambie wapi.