Nimepoteza Maneno ya Dada Yangu kwenye Kompyuta, Nikaandika Yangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na msaada wenyewe uwahi kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo, maana ikipita hiyo sitakuwa na sura ya kushauriwa. Umri wako siujui. Kama umenizidi, shikamoo, kama hujanizidi, mimi nina miaka sabini na miwili na yangu naisubiri. Shule niliishia darasa la nne, la tano nililisikiliza dirishani, kwa hiyo ukiona nukta haipo, itie mwenyewe.

Naishi Mkuza, Kibaha, na mke wangu Mwanaamina, ila kwetu hasa ni Kisarawe, njia ya Maneromango, ambako baba yetu alituachia shamba watoto watatu: dada yetu mkubwa Hajira, kaka yangu Abdulkadiri ambaye sasa ni marehemu, na mimi kitinda mimba. Baba aligawa kwa mdomo, anatembea shambani na dada Hajira anamwonyesha, mti huu, jiwe lile, na karatasi haikuwepo hata ya kufungia karanga, basi mipaka yote ikakaa kichwani mwa dada miaka arobaini na kitu. Mwaka huu wapimaji wanapita kijijini, mwenyekiti akasema kila ukoo ukae, uelewane, ulete maandishi, ndipo mawe ya mipaka yachimbiwe, na jiwe likishachimbiwa nani atalichimbua. Ukoo ukanichagua mimi nimfuate dada niandike anachosema, si kwa uaminifu wangu, kwa sababu nina laptop.

Laptop ilikuwa ya binti yangu Nuria, ikamchosha akanitupia mimi, na zamani ilikuwa na Windows, ukiiwasha unaweza kwenda kuswali adhuhuri na sunna zake ukarudi ukaikuta bado inazungusha kile kiduara. Hapa Mkuza tunaye fundi kompyuta, Brighton, mtu mzima na ndevu zake, Mnyamwezi, kwa hiyo mtani wetu sisi watu wa pwani, yeye akaniwekea Linux nyepesi inayowaka kutoka kwenye flashi, ambayo mimi naiita ndugu yake Windows aliyekonda. Mshauri, mashine ile inawaka kabla sijapata miwani. Nasikiliza kisomo, nacheza karata, naandika barua za kuwasumbua watu wa maji, na nilijisifu nayo mpaka barazani wakawa wakiniona nakuja na begi wanakumbuka safari. Ila ilikuwa na tabia moja, kila asubuhi inaamka kama haijawahi kunijua. Niliweka picha ya Mwanaamina nyuma ya kioo, kesho yake hayupo, nikamweka tena, kesho yake hayupo, mwenyewe akasema hata mashine inajua mume asiyestahili, mimi nikadhani ndiyo wepesi wenyewe, kwamba mwepesi habebi vitu vya jana.

Kumbe Brighton alikwisha kunieleza. Alisema mashine hii inafanyia kila kitu kichwani, hata ukihifadhi maandishi yako bado yako kichwani, flashi haiguswi mpaka siku unapoizima, hapo itakuuliza ihifadhi au isihifadhi, na ukijibu No imesahau vyote. Lakini mimi wakati huo nilikuwa namuuliza babu yake alibeba mizigo mingapi ya Waarabu kutoka Tabora mpaka huku pwani, somo likanipita. Nilichokuwa nacho kichwani mwangu ni la Nuria, aliyeogopa wezi wa mtandaoni wasinikamue, akaniambia, baba, kitu chochote kikikuuliza kwa Kiingereza bonyeza No. Nikabonyeza No miezi mitano bila hasara, kwa sababu sikuwa na kitu cha kupoteza.

Nikaenda Kisarawe kwa dada. Siku mbili anasema naandika, jioni nafunika tu kifuniko inalala, asubuhi nafunua maneno yapo. Sehemu yake akaimaliza, tukaja kwenye mpaka wangu na wa marehemu kaka, na hapa nisikilize vizuri. Sehemu ya kaka anaikalia binti yake Raudha, aliyeachika na watoto watatu, na katikati yetu kuna kisima, na kile kisima ndicho anachomwagilia mchicha wake, na mchicha ndio uji wa wale watoto na ndio daftari zao. Mpaka unaanzia jiwe la njia panda. Ukienda kwenye mkwaju, kisima ni cha Raudha. Ukienda kwenye mkorosho mkubwa, kisima ni changu. Dada alipotaja mti niliacha kuandika, nikamwomba arudie, akarudia, nikamwomba tena, akaniambia, "Wewe masikio umeyaacha Kibaha? Andika nilichosema." Nikaandika.

Siku ya tatu nikaaga, nikaizima mashine niipakie kwenye begi, kioo kikauliza kwa Kiingereza, nikabonyeza No.

Kesho yake kwa Brighton, kwenda kuchapisha, hakuna kitu. Akachomeka flashi kwenye kompyuta yake, akaipekua, akaniangalia kama anayeangalia mtu aliyefiwa, akasema, "Mtani, hapa hakuna cha kufufua, hakikuzikwa." Nikataka kurudi kwa dada, lakini dada alikuwa ameicheka ile mashine siku mbili nzima, anaita lidude, nikasema nitakwenda kesho, nikasema nitakwenda keshokutwa, siku ya tisa wakanipigia simu kwamba dada ameanguka. Kiharusi. Upande wa kulia wote umekufa na ulimi hautoi neno. Anasikia, anatazama, ukimpa mkono wa kushoto anaubana, basi.

Mshauri, nikakaa nikaandika upya kwa kumbukumbu. Sehemu ya dada naikumbuka yote. Mpaka wa kisima ndio kumbukumbu inanitupa mkono, mkwaju, mkorosho, mkorosho, mkwaju, nikaandika mkorosho. Nikachapisha, na safari hii nilibonyeza Save. Nisikufiche, kuna mtu kutoka mjini anatafuta sehemu yenye maji ajenge, amenifuata mara mbili, lakini sijampa jibu. Ukoo wote unajua karatasi ile ni maneno ya dada tangu alipokuwa mzima. Brighton peke yake ndiye anayejua, na amesema asipoulizwa hasemi, akiulizwa atasema. Mwanaamina hajui ila amenusa, juzi kaniuliza, "Mbona siku hizi ukiiwasha hiyo mashine unanipa mgongo?"

Hayo yote ningeyavumilia, mimi ni mtu mzima nimezoea aibu ndogondogo. Lakini Jumapili Raudha alikuja Mkuza na mafungu ya mchicha, akanisalimia kwa magoti, mtoto yule hajawahi kuniinulia sauti, nikamtania kwamba mchicha wake umekonda kama Linux yangu, hakucheka, akasema hivi: "Ba'mdogo, watu wananiambia nisiweke saini kabla sijasomewa mbele ya mtendaji. Nimewajibu kama shangazi alisema na wewe ukaandika, mimi nasaini nimefumba macho."

Mchicha ule nimeshindwa kuula. Mkutano ni Jumamosi, wapimaji ni Jumatatu yake. Nikisema ukweli nitaonekana mpumbavu mbele ya ukoo, na hiyo Linux niliyoisifu itazikwa nami kaburi moja. Nikinyamaza, mti sijaukumbuka kweli, na pengine ni mkorosho kweli, kwa nini nijidhulumu mwenyewe? Nifanyeje?

Mimi mzee wa Mkuza, jina langu lifiche.

JIBU

Mzee wangu, shikamoo. Ipokee vizuri, kwa sababu kwenye jibu hili heshima nyingine sina.

Jina lako nimelificha na ya wenzako nimeyabadilisha, lakini shamba lenye kisima, mkwaju na mzee anayetembea na laptop halihitaji majina kwa watu wa njia ya Maneromango. Gazeti hili linatoka Alhamisi. Mkutano wako ni keshokutwa. Kwa hiyo unaposoma hapa, hesabu kwamba kuna mwingine naye anasoma.

Kwanza pole kwa dada yako, na pole hiyo ni ya kweli. Kumwona mtu aliyekulea amebaki na macho tu si jambo dogo, na najua mizaha yako mingine ni ya kuukimbia ule mkeka aliolalia. Pole imeishia hapo.

Hiyo Linux yako iache nje ya kesi. Mashine ilikuuliza kwa adabu kuliko binadamu wengi, na ikafanya ulichoijibu. Kubonyeza No ni kosa la kusamehewa, hata mimi ningelifanya. Kosa lisilosameheka kirahisi ni zile siku nane. Dada yako alikuwa na ulimi wake, yuko Kisarawe, si ng'ambo, na wewe ulishindwa kumwendea useme, "Dada, lidude limenila, nitajie tena." Angekucheka nusu saa. Ukaona kuchekwa nusu saa ni kuzito kuliko uji wa watoto watatu.

Sasa kumbukumbu. Unasema mti umekutoka. Mzee, nimesoma barua yako mara tatu. Unakumbuka alichokwambia Brighton siku uliyodai hukumsikiliza, unakumbuka picha ya mkeo ilipotea asubuhi ngapi, na unakumbuka kwamba dada yako alipotaja mti ule uliacha kuandika, ukamrudisha mara mbili. Mtu hamrudishi msemaji mara mbili kwenye neno lililompendeza. Angesema mkorosho ungeandika upesi kabla hajabadili nia. Na hebu niambie, kama kweli hujui, kwa nini hukuacha nafasi wazi kwenye karatasi? Asiyejua huacha wazi. Wewe ulijaza, na ukajaza upande wenye mnunuzi.

Sitakuuliza kama kidole chako siku ile kilibonyeza kwa ujinga au kwa kitu kingine. Hilo jiulize mwenyewe ukiwa kwenye mswala.

La kufanya ni hili, na lifanyike leo, si kesho. Mwanaamina umweleze kwanza, kwa sababu umempa mgongo vya kutosha. Kisha mpigie mwenyekiti umwombe Jumamosi isisomwe karatasi yoyote mpaka utakapofika. Brighton usimfunge mdomo. Mwombe aje mkutanoni aeleze jinsi maneno yalivyopotea, ili ukoo usije ukadhani umetunga hadithi ya pili kufunika ya kwanza.

Halafu panda gari uende Kisarawe, na begi lako liache nyumbani. Usianzie kwa mgonjwa. Anzia kwa Raudha, peke yenu, umpe ile karatasi mkononi mwake, usiichane, ni yake kuiona. Atakuuliza kwa nini uliandika mkorosho. Hapo usimtaje Nuria, usitaje uzee, usitaje mashine, na nakuonya, usimtanie. Sema, "Nilikitaka kisima." Akilia usimbembeleze, siku hiyo wewe siye wa kumbembeleza. Akikufukuza, toka, kaa nje ya uzio mpaka aitwe mtu mwingine wa ukoo aingie na nyinyi.

Ndipo mwende kwa dada, nyinyi wawili na jirani mmoja asiye na shamba pale. Atakayeuliza ni Raudha, si wewe. Wewe simama nyuma ya kichwa cha mgonjwa, asiuone uso wako, maana ndugu mkubwa akiona uso wa kitinda mimba unaomba, anaweza kukuhurumia. Raudha amshike mkono wa kushoto, amwombe aubane akisikia mti wa mpaka, ataje mti mmoja anyamaze, ataje wa pili anyamaze, kisha arudie kwa kugeuza, jirani akihesabu. Dada atakapobana, andikeni kwa kalamu hapo hapo, wote mtie saini. Kama ni mkorosho, utakuwa umekipata kisima mchana kweupe, na hakuna atakayekusema. Kama ni mkwaju, ulijua.

Lakini nenda leo. Dada yako amebaki na mkono mmoja wa kusemea, na kati yetu hakuna anayejua utakuwa na nguvu ya kubana mpaka siku gani.