Mama, Soya Imekubali Bihambwe

Mama yangu,

Soya imekubali hapa kwetu Bihambwe. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, hata kabla ya kuuliza kama nimekula.

Ulipotuacha, Papa Mukubwa, kaka wa marehemu baba, alisema shamba lako limechoka, bora wachimbaji wa Rubaya walitoboe watafute madini ya koltani. Nililia, kisha nikakasirika. Nikamwomba msimu mmoja tu. Akakubali huku akicheka.

Unakumbuka ulivyokuwa unang'oa soya yenye vinundu mizizini na kuitupa njiani, ukisema inaumwa? Haikuwa inaumwa, Mama. Kwenye masomo ya Goma nilijifunza kwamba mle ndani wanaishi bakteria wanaogeuza hewa kuwa mbolea. Ngozi yao imevaa sukari, na mzizi huitambua sukari hiyo kama wewe ulivyotambua sauti ya mgeni uani kabla ya kumfungulia. Wasio na sukari inayofaa hawaingii.

Nikaleta unga wa bakteria hao kutoka Goma, maana shambani kwako walibaki wachache. Lakini mbegu zako zilikuwa kwenye jivu, kama ulivyozitunza miaka yote zisiliwe na vidudu, na jivu lingewaua. Nikaziosha zote, nikazianika kivulini juu ya kitenge chako, ndipo nikazipaka ule unga. Papa Mukubwa akasema mbele ya watu, "Unaogesha mbegu kama mutoto? Hii njo masomo ya Goma?" Nikaendelea kupaka. Nilijua zikioza, shamba limekwenda.

Jana nilimwita shambani. Niling'oa mche, nikapasua kinundu kwa ukucha. Ndani chekundu, maana yake bakteria wako kazini. Akashika majani, akatazama mteremko wote ulivyo kijani. Kisha akasema, "Ambia wale wachimbaji wapite njia yao. Hii shamba haiko ya kuchimba."

Nimeshinda, Mama! Nimecheza peke yangu katikati ya mistari, nikiimba kwa sauti hii mbaya uliyokuwa ukiicheka. Laiti ungekuwepo. Hilo tu ndilo linaniuma.

Mama mdogo anataka mbegu za kupeleka Walikale. Tutaziosha pamoja.

Kwaheri, Mama. Pumzika. Nakuahidi, maadamu niko hai, udongo wako hautaguswa na sururu ya mtu. Utaguswa na jembe langu tu.

Mtoto wako