Gari la Marehemu na Mtani Wake

Temeke, Jumamosi, masika ya 1955

Mvua haijakatika tangu alfajiri na bati linavuja palepale lilipovuja mwaka jana. Nimekinga sufuria, nimekaa kuandika, kwa sababu sina mtu wa kumweleza haya. Wote ambao ningeweza kuwaeleza nawashuku.

Ni habari ileile ya gari la marehemu mume wangu. Hiyo ndiyo teksi inayonilisha mimi na wanangu, na dereva wake ni Shabani, mdogo wangu wa tumbo moja. Wiki nzima amenikalia kichwani. Dada, gari limechoka. Dada, linayumba kwenye mlima wa Pugu. Tuachane nalo, tuchukue lile la karani wa Kinondoni anayehamishiwa bara.

Haraka yote hii ya nini? Juzi kaja na viatu vipya. Nilipovitazama akaivuta miguu chini ya kiti. Na huyo karani ananiheshimu kupita kiasi. Aliniamkia shikamoo, na mvi zake ni nyingi kuliko zangu. Mtu wa namna hiyo ana jambo lake.

Lakini niliyemshuku kuliko wote ni Fundi Maganga wa Chang'ombe.

Maganga ni Mnyamwezi, na sisi Wazaramo ni watani wao. Siku ya mazishi ya mume wangu alifanya kama watani wanavyofanya. Alivaa kofia ya marehemu, akajifungia ndani ya gari, akakohoa kama yeye kabisa, akapiga honi, akakataa kutoka mpaka apewe chochote. "Gari langu hili! Kaniachia mie, na mjane wake juu!" Waliokuwa wakilia wakacheka. Hata mimi nilicheka ndani ya kanga. Tangu siku hiyo ananiita mke wangu wa urithi, na kila gari likifika kwake huniuliza lini nitamkabidhi mali yake.

Sasa ni huyohuyo aliyemwambia Shabani kwamba gari halifai kutengenezwa tena. Nikajiuliza, nikilitupa, atakayelichukua kwa bei ya vyuma ni nani? Atagonga nyundo siku chache, halafu nitaliona linapakia watu Kariakoo, na yeye mwenyewe yuko kwenye usukani ananipungia mkono.

Sijitii wazimu bure.

Basi leo nimejitanda kanga, nikaenda Chang'ombe bila kumuaga Shabani. Gari limelala huko tangu jana. Njia nzima nilikuwa nayapanga matusi yangu ya utani, na nilipofika nikayamwaga yote mlangoni.

"We Mnyamwezi! Kubeba mizigo kumekushinda, sasa unataka kubeba na gari la watu?"

Nikangoja anirudishie. Alijifuta mikono kwa kitambaa.

"Karibu, mama Zuhura," akasema. "Inama uone."

Mama Zuhura, si mke wangu wa urithi! Niligeuka nyuma nikidhani kuna mgeni ameingia.

Nikainama, kanga kwenye tope. Akachoma kwa bisibisi kile chuma kirefu cha chini kinachobeba gari lote. Bisibisi ikazama kama kwenye muhogo uliooza. Kutu ikamwagika mikononi mwake.

"Nikiunga hapa, patakatika pale," akasema. "Ntakula hela yako bure. Halafu siku moja litakatikia Pugu, Shabani yumo ndani na abiria wake. Nakuomba, mama, asilitoe kesho."

"Unanitania."

"Leo sikutanii."

Siku ya maziko alitania. Leo hakutania.

Niliogopa. Nilitamani anitukane. Angenitukana ningebishana naye, ningelichukua gari langu nikarudi nalo nyumbani. Maana kweli yenyewe ni hii, na naiandika hapa tu: kiti cha dereva bado kina bonde la mume wangu. Shabani ni mwembamba, hajalijaza. Kila aliyeniambia niachane na gari nilimsikia ananiambia nimzike mtu yule mara ya pili.

Nikasimama. "Basi lichukue," nikamwambia. "Lizike."

Maganga akatazama chini. Kisha nikaona mdomo unamcheza.

"Mke wangu wa urithi," akasema polepole, "sasa sanda iko wapi?"

Sijui nilianza kucheka au kulia. Nikavua kanga ya juu, nikaitandika kwenye kile kiti, nikaipapasa ikae vizuri. Nimerudi na mvua yote mwilini, na bisibisi ya Maganga kiunoni. Nimeiazima. Kesho nakwenda Kinondoni kwa karani, na kabla hajamaliza shikamoo zake nitakuwa nimeshalala chini ya gari lake.

Shabani nimemkuta amelala mkekani, hajui hata nilikuwa wapi. Viatu vipya amevivua mlangoni visiingie tope. Nimekaa karibu naye muda mrefu, namtazama tu anavyopumua.

Lakini hivyo viatu nitaviulizia.